Gari la Mwende Mahali pa Basi

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naacha ninachofanya na kukaa chini. Nakusimulia leo, wewe ambaye sikukuzaa lakini nakuita mwanangu, kwa sababu juzi nilikuona pale steji ya mabasi, mjini Wote, umevaa lile koti la kung'aa, unaondoa magari madogo kwenye nafasi za mabasi, nikafurahi. Kazi hiyo niliifanya mimi pia, mjini Kitui, enzi za kaunsili, kabla ya kaunti kuja. Watu walituita kanjo, yaani askari wa mji, kama wanavyokuita wewe, na hawakutupenda. Sikujali. Basi likikosa mahali pa kusimama, abiria wanashukia katikati ya barabara. Niliwahi kuona mama mwenye mtoto mgongoni akikoswakoswa na lori kwa sababu mtu aliegesha pikapu yake pa basi akaenda kunywa chai. Kwa hiyo sikuambii ulegeze sheria. Nataka kukueleza nilivyoitumia siku hiyo, ingawa hakuna mtu ambaye angeweza kunishtaki kwa lolote.

Nilikuwa na mdogo wangu, Mwende. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na nyumbani kwetu, Kwa Vonza, hakukuwa na uwezo wa kusomesha watoto wawili. Mama yetu, tuliyemwita Mwaitu, aliniambia mimi mkubwa nibaki nimsaidie shambani. Nilikubali. Hata sare za shule za Mwende nilifua kwa mikono yangu. Wivu haukuanza hapo. Ulianza miaka mingi baadaye, aliporudi akiwa mwalimu wa sekondari. Kanisani watu walimpisha akae mbele, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye viti hivyo miaka yote nikawa naulizwa, "Wewe ndiye dada yake Mwalimu?" Nilikuwa na jina langu, mwanangu. Naitwa Nduku. Sikulisikia tena.

Kisha akanunua gari dogo jeupe. Wanawake wa sokoni wakaja kunipongeza mimi. Nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya kibanda cha ofisi nikasimama peke yangu mpaka uso ulipotulia. Tangu hapo likipita gari jeupe lolote, niligeuza uso. Nikisikia amemnunulia Mwaitu blanketi, nililishika na kulitafuta kasoro. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na bado nilikuwa naimba kwaya.

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, gari lile liliingia steji likasimama palepale pa mabasi. Mimi nilikuwa nyuma ya basi la Mwingi, mimba yangu ya miezi minane imenichosha. Mwende alishuka, akafungua mlango wa pili, akamshika Mwaitu mkono. Macho ya Mwaitu yalikuwa yameingia ukungu mweupe, ule ugonjwa wanaouita mtoto wa jicho, na alimtambua mtu akiwa karibu tu. Alivaa gauni jipya. Hawakuniona. Walitembea polepole kuelekea kibanda chetu, Mwaitu amemwegemea binti yake begani, na kule kumwegemea ndiko kulikoniumiza.

Ningemwita jina tu. Badala yake nilichukua ule mnyororo wa kufungia magurudumu, nikainama kwa shida, nikalifunga gurudumu la mbele na kubana kufuli. Nilisikia raha. Nikikuficha hilo, habari hii haitakusaidia kitu.

Waliporudi, Mwende aliniona akatabasamu. "Dada! Tumekutafuta huko ofisini." Kisha akaona gurudumu. "Ni wewe umefunga?"

"Hapa ni pa basi," nikasema kwa sauti ya kazi. "Na wewe ni mwalimu, kusoma unajua."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mwende hakucheka wala hakupaza sauti. "Dada, tunampeleka Mwaitu kule Mutomo, hospitali ya misheni. Daktari wa macho wa kutoka mbali anamaliza leo. Tumesimama hapa kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

Mwaitu ndiye aliyejibu. "Nilikataa kupita, Nduku. Wataniwekea bandeji. Nikasema kama macho yatafungwa, acha nione kwanza mtoto wangu wa kwanza." Akanyoosha mkono kunitafuta. Akaukosa uso wangu, akashika kola ya yunifomu.

Hapo ndipo nilipotaka kufungua, na sikuweza. Kufunga kila askari alifunga, lakini ufunguo ulikaa kwa inspekta, naye alikuwa ameenda kikao na angerudi jioni. Mwende akatafuta gari la abiria la Mutomo. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa na watu wanne. Lisingeondoka mpaka lijae. Akampandisha Mwaitu, wakangoja.

Mzee Kioko, askari mwenzangu aliyekaribia kustaafu, alikuwa ameona yote. Alinivuta kando.

"Nduku, leo asubuhi pikapu ya saruji ilisimama hapahapa. Ulimwambia dereva nini?"

"Nilimwambia aondoke."

"Akaondoka?"

"Akaondoka."

"Na mdogo wako ulimwambia nini?"

Nikalitazama lile kufuli.

"Sheria uliyomfungia ni ya kweli," akasema. "Lakini si sheria iliyokutuma, mama. Mimi nimekuwa kwa hii kazi miaka mingi, najua mkono wa kazi na mkono wa hasira. Sasa nenda ukakae na mama yako."

Nikaenda. Nilikaa kando ya Mwaitu katika gari lile, jua likipanda, watu wakiingia mmojammoja. Hakunigombeza. Aliniuliza kama mtoto anacheza tumboni, nikamwambia anacheza. Gari lilijaa saa saba. Walifika Mutomo daktari ameshafunga vifaa vyake na kuondoka, na wakaambiwa angerudi baada ya miezi mitano.

Katika miezi hiyo nikajifungua. Mwaitu alimpakata mtoto wangu, akampitishia vidole kwenye paji la uso, pua, kidevu. "Anafanana na nani?" akauliza. Mwende ndiye aliyemjibu: "Ni Nduku, Mwaitu. Ni Nduku kabisa."

Daktari aliporudi, jicho la kulia lilipona, la kushoto halikupona. Alisema huenda hata kama tungewahi lisingepona. Huenda. Nimeishi na neno hilo mpaka leo.

Siku moja tukichagua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, nyumbani, mimi na Mwende peke yetu, nilimwambia ukweli wote, gari, blanketi, kanisa. Aliendelea kuchambua punje. Kisha akasema, "Nilijua zamani, dada. Ndiyo maana nikija nyumbani nilikuwa naacha gari kule kwa kinu cha unga, natembea." Kilomita nzima, mwanangu, akiwa na mizigo, ili mimi nisilione. Nami sikuwahi hata kujiuliza mbona anafika na vumbi miguuni.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujafunga gari la mtu, jiulize kama ungelifunga endapo mwenye gari ungekuwa humjui. Kama ungeanza kwa kumwambia asogee, basi mwambie asogee. Na ukiona mkono wako una haraka, moyo una raha, mwite mwenzako aifanye kazi hiyo badala yako, hakuna aibu. Wivu utakuingia tu, hasa kwa ndugu zako, maana wao ndio mliogawana nao sahani. Ukikuingia, usiuvalishe yunifomu. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umweleze, hata kama utalia, na mapema, usingoje kama nilivyongoja mimi. Halafu nenda kwa huyo unayemwonea wivu, ukae naye, muulize habari zake. Utakuta kuna mengi hukuyajua.

Mungu akutie nguvu kwenye jua lile la Wote. Akupe wenzako wa kukuambia ukweli usoni, awalinde wanaoshuka na wanaopanda mbele yako, na jioni akurudishe kwenu ukiwa na amani na kila uliyezaliwa naye tumbo moja. Nenda, mwanangu, usichelewe kazini.