Jino la Nyuma Tuliloliita la Utoto

Harufu ya karafuu iliyopondwa hunirudisha Kiseke, kwenye chumba chetu kati ya mawe ya mlimani, mwaka nilipokuwa darasa la pili. Mama aliifunga kwenye pamba, akaishindilia ndani ya tundu la jino langu la nyuma, chini kulia, akaniambia niume. Nilikuwa na miaka saba, au minane. Mimi si mtu wa shule nyingi na kumbukumbu yangu siiamini sana. Maumivu ndiyo nayakumbuka, na mate yaliyonijaa mdomoni yakiwa na ladha ya pilau ambayo hatukupika.

Jirani yetu Advera, binti wa mwalimu aliyetoka Bukoba, alikuwa na tundu kama langu, jino lile lile. Niseme haki: pipi tulinyonya pamoja, na yeye ndiye aliyezipenda zaidi. Mswaki wake ulikuwa wa dukani, wangu wa kijiti, lakini mara nyingi aliulowesha tu ili baba yake aone umetumika. Tofauti ilikuwa kwamba baba yake alijua gego linalochomoza mtoto akifika miaka sita ni la ukubwani, liking'oka halioti jingine. Akampeleka mjini, wakaliziba. Mama yangu aliona langu limeota kimyakimya huko nyuma, hakuna lililong'oka kulipisha, akalihesabu kuwa la utoto. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama alisikia la wakuu wote pale mlimani, na wote walimwambia, "La utoto hilo, litadondoka lenyewe."

Halikudondoka. Shavu lilipovimba tukaenda zahanati, na pale vifaa vilivyokuwepo ni vya kung'olea tu, wakaling'oa. Shuleni wakanipokea: "Kapengo! Litaota ukiolewa!" Advera naye alicheka, ila si sana. Kila Jumapili mama alinigeuza uso kwenye mwanga wa mlango, aone kama jipya limechomoza. "Panua. Bado tu?" "Bado, mama." Tukaenda hivyo karibu mwaka mzima, mpaka mwalimu, baba yake Advera, alipotukuta pale mlangoni akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba halitaota tena. Mama akasema, "Asante, mwalimu," akaingia ndani. Hakunichungulia tena. Nimewahi kumlaumu mwalimu kwa kuchelewa, lakini hakuna aliyemuuliza mapema. Mama hakuwa mzembe. Sijui kama namtendea haki hata kuandika haya.

Leo nina binti wa miaka sita, na shuleni kwake wauguzi walikuja wakatueleza wazazi kuhusu jino hilo. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Juzi nilimkuta bibi wa jirani akianika dagaa, mjukuu wake wa darasa la pili kashika shavu.

"Shikamoo, bibi. Anaumwa huyu?"

"Marahaba. La utoto hilo, mwanangu."

Nilisita. Kumsahihisha mkubwa si adabu, halafu mimi ni nani? Nikamwambia hata hivyo kwamba hilo la nyuma ni la ukubwani.

"Nani kakudanganya?"

Nikapanua mdomo. Alichungulia lile pengo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa wanaziba wapi?"

Mjini, nikamjibu. Zahanati yetu bado inang'oa tu. Akarudi kugeuza dagaa wake, na nikaona kwamba zamani tulikosa wa kutuambia, sasa tunaambiwa, na mji uko mbali vile vile. Jumatano siendi kazini. Nimemwomba amwogeshe mtoto mapema, nitampitia nimpeleke mjini.