Raketi Tatu Nilizomfungia Wanjala

Kiongozi wa vijana katika kanisa letu la Shauri Moyo ameniomba mara tatu niandike habari za safari yetu ya Dar es Salaam, tulipokwenda na timu ya taifa ya tenisi ya wanaume kushindana na nchi nyingine za Afrika. Kila mara nilimjibu kwamba sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Kwa hiyo leo naandika.

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni Simiyu, mwana wa pili wa Mama Wanjala. Nilitoka Shauri Moyo na begi moja, nikakaa Johannesburg miaka tisa. Huko niliosha sahani, nikafagia viwanja vya tenisi, nikajifunza kufunga nyuzi za raketi, na nikarudi na diploma ya vifaa vya michezo yenye muhuri mwekundu. Hakuna mjomba wala shangazi aliyenilipia karo. Leo nina nyumba ya mawe kule Njiru, na sioni fundi Nairobi mwenye mashine ya kufunga nyuzi inayoifikia yangu. Anayetaka kuniita mwenye majivuno aniite, lakini hayo ni kweli, na bila kuyajua hamtaelewa kilichotokea.

Wanjala ni kaka yangu mkubwa. Ana miaka thelathini na sita. Hakuwahi kwenda mbali, kwa sababu baba alipofariki ilibidi mmoja wetu abaki na mama. Yeye ni marka, yaani mtu wa klabu anayepigiana mipira na wanachama wanaotaka mazoezi. Analipwa kwa saa. Mkono wake wa kulia ndio shamba lake, na mkono huo una kiwiko kinachomsumbua miaka mitatu sasa. Wachezaji wote wa timu ya taifa wamepigiana naye mipira tangu wakiwa wadogo, lakini jezi ya taifa hakuwahi kuivaa. Mwezi mmoja kabla ya mashindano mchezaji mmoja aliteguka kifundo cha mguu, na nahodha wa timu akampigia simu Wanjala. Siku iyo hiyo alinipigia mimi niwe fundi wa timu. Mama alicheza mlangoni mpaka kilemba kikaanguka.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuliondoka. Wenzetu walikuwa wapande ndege siku iliyofuata. Mimi nilikataa mashine yangu itupwe kwenye shehena ya ndege kama gunia la viazi, nikasema nitakwenda nayo kwa basi. Wanjala akasema hawezi kuniacha niende peke yangu. Tulimkodi kijana wa mkokoteni kutoka Gikomba, naye akaikagua ile mashine kwa tochi ya simu.

"Buda, hii ni ya kusaga nyama?"

"Ni ya kufunga nyuzi za raketi," nikamjibu. "Usiigongeshe."

"Na huyu mwingine ni nani?"

"Huyu anaenda kuchezea Kenya."

Kijana akamtazama Wanjala kuanzia viatu hadi nywele, zenye mvi mbili tatu. "Msee wangu, basi hata mimi bado niko na chance!"

Wanjala alicheka mpaka tukafika Muthurwa. Pale alinunua ndizi na maji, mama mmoja wa mboga akatuombea heri, na tukaingia mjini kupanda basi.

Namanga tulifika saa tatu na nusu. Afisa wa uhamiaji aliniuliza kazi yangu, nikamtajia kwa sauti ya kutosha foleni nzima: fundi wa raketi wa timu ya taifa, mwenye diploma. Wanjala alipoulizwa alijibu polepole, "Mchezaji."

"Mchezaji au kocha?"

"Mchezaji."

Tulipotoka nje alisimama kidogo chini ya bendera. "Simiyu, umesikia nimesema nini? Nimesema mchezaji." Akarudia tena peke yake, kama mtu anayejaribu koti dukani.

Usiku wa kwanza tulilala Arusha. Kabla ya kulala alifunga taulo la maji moto kwenye kiwiko, kisha akaniambia jambo ambalo nataka mlishike. Mimi alikuwa akiniita Diploma tangu niliporudi, na sikuwahi kuchukia.

"Diploma, huko tunakokwenda ni chini, baharini. Nilicheza Mombasa mara moja. Mpira ulikuwa mzito kama kiazi kilicholowa maji. Nilegezee nyuzi. Nifungie kilo ishirini na tatu."

Nyuzi zikivutwa sana, raketi inakuwa ngumu: mpira unatii, lakini kishindo kinarudi mkononi. Zikilegezwa, mpira unaruka wenyewe na mkono unapumzika. Nairobi hewa ni nyepesi na mipira inakimbia, kwa hiyo Wanjala hutumia kilo ishirini na sita. Johannesburg iko juu vilevile. Miaka tisa nilifunga raketi za watu wakubwa huko, na ishirini na sita haikuniangusha hata siku moja. Sikuwahi kufunga raketi hata moja mahali pa chini. Hilo halikunipitia akilini. Kilichonipitia ni kwamba kaka yangu, aliyejifunza kufunga nyuzi kwa msumari na koleo, ananifundisha kazi.

"Ishirini na tatu ni ya watoto na akina mama wa klabu," nikamwambia.

"Basi nifungie ya akina mama," akasema, akazima taa.

Jumanne ilikwisha barabarani. Moshi tulikunywa chai, mlima umejifunika. Korogwe joto lilianza kutushika mashati. Wanjala alitoa mkono dirishani, akaufungua na kuufumba, akasema hewa hii unaweza kuikata kwa kisu. Mimi nilikuwa nasinzia. Tuliingia Dar es Salaam jioni, tukapokelewa vizuri sana.

Jumatano asubuhi, viwanjani, sisi mafundi tulipewa hema moja. Fundi wa wenyeji alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Zuhura, mwenye vidole vyepesi. Alinipisha upande wenye feni.

"Karibu kaka. Pole na safari. Hiyo mashine ni yako mwenyewe?"

"Yangu. Nilinunua Johannesburg. Na diploma nimeichukua huko."

"Mashallah. Mimi nimefundishwa na marehemu mume wangu, sina hata cheti cha kuogelea." Akacheka, kisha akatazama mita ya mashine yangu. "Ila kaka, hapa kwetu huwa tunalegeza. Mipira inakunywa unyevu. Ishirini na sita hiyo utamvunja mtu mkono."

"Dada, hizi ni hesabu. Hazibadiliki kwa sababu ya unyevu."

"Haya, profesa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Katika ufundi wetu mchezaji huandika kilo anazotaka kwenye kipande cha plasta, akakibandika shingoni mwa raketi. Fundi hatakiwi kujadili. Wanjala alileta raketi zake tatu, na kila plasta ilikuwa na mwandiko wake mkubwa: 23. Niliziangalia. Nikaona Zuhura ananitazama, nikaona jinsi atakavyotabasamu mita ikisoma ishirini na tatu. Nikafunga zote tatu kwa ishirini na sita, na plasta nikaziacha palepale.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sina namna nyingine ya kuisema.

Ijumaa tulicheza na Msumbiji. Timu mbili zikikutana kuna mechi tatu: mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Atakayeshinda mbili amepita. Siku hiyo, atakayeshindwa alikuwa anashuka daraja. Kijana wetu wa kwanza alishindwa mapema. Mchezaji wetu bora alikuwa anatapika tangu usiku. Nahodha akageuka kwenye benchi, akamwambia Wanjala, "Mzee, ni wewe."

Alivaa jezi akiwa amenipa mgongo. Alipogeuka sikumtambua kwa sekunde moja. Wimbo wa taifa ulipigwa na alijua beti zote tatu, wale vijana walijua ubeti mmoja tu.

Mpinzani wake alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, mwenye haraka. Wanjala alimchezesha. Alikata mipira, akaidondosha karibu na wavu, akampeleka huku na kule, na watu wa Dar, wanaopenda ujanja, wakaanza kumshangilia: "Babu! Babu!" Seti ya kwanza aliichukua sita kwa nne. Lakini katikati yake, wakati wa kubadilishana upande, aliniita kwenye uzio.

"Raketi ni ngumu leo."

"Ni joto," nikasema. "Utaizoea."

Aliniangalia kidogo. Akachukua ya pili, akacheza nayo gemu mbili. Akachukua ya tatu. Akarudi kwenye ya kwanza.

Katika seti ya pili nilimwona anashika kiwiko kila baada ya pointi. Mipira ilikuwa imelowa jasho la hewa ile, na kila aliporudisha mpira wa nguvu nilisikia mlio wa nyuzi zangu, mkavu, kama mlango unaobamizwa. Zuhura alisimama kando yangu. Wanjala alishindwa seti hiyo sita kwa tatu.

Katika ya tatu, wakiwa mbili kwa mbili, aliinua mkono kuanzisha mpira, na mkono haukupanda. Raketi ilianguka. Daktari wa uwanja aliingia, akamshika kiwiko, akatikisa kichwa. Nahodha akasema, "Wanjala, tosha." Kaka yangu akaomba aendelee. Akaanza kuanzisha mpira kwa chini, kama mtoto. Kuna watu walicheka, kisha wakanyamaza. Alicheza gemu nne hivyo. Mbili kwa sita, na Kenya ikashuka daraja. Alimpa yule kijana mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umening'inia.

Jumapili tulianza kurudi, kwa basi tena, na mashine yangu. Wanjala alikaa dirishani, mkono shingoni kwa kitambaa. Korogwe tuliteremka kula. Nilimkatia nyama. Ndipo nikasema kile nilichokuwa nimekibeba tangu Ijumaa.

"Bro, sikufunga ishirini na tatu."

"Najua," akasema. "Nilijua kwenye gemu ya tatu."

"Ulijua?"

"Simiyu, mimi ndiye niliyekufundisha kupiga raketi kwenye kiganja na kusikiliza. Ishirini na sita naijua sauti yake."

"Sasa kwa nini hukumpelekea Zuhura? Alikuwa pale pale na mashine. Dakika ishirini tu angekufungia nyingine!"

Alitafuna polepole. "Ulikuwa umemwambia kila mtu pale wewe ni nani. Nahodha, wale vijana, yule mama. Ningempelekea, ungeweka wapi uso wako?"

"Na mkono wako?"

"Nilidhani utafika mwisho wa mechi," akasema. "Ulibaki kidogo tu."

Akaniomba nimsogezee chumvi.

Nairobi, hospitalini, walisema kano ya kiwiko imechanika. Itapona kiasi cha kubeba kikombe na kufunga vifungo vya shati. Kiasi cha kupiga mipira saa sita kwa siku, hapana. Klabu ilimtafuta marka mwingine wiki iyo hiyo. Wanjala sasa anakaa na mama, na asubuhi anatembea mpaka Gikomba kumsaidia rafiki yake kupanga viatu.

Mnajua kilichofuata, kwa sababu mlikuwepo. Jumapili ya pili mchungaji alituita mbele tutoe ushuhuda wa safari. Wanjala alishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. "Bwana asifiwe."

"Amina!" mkajibu.

"Nimechezea nchi yangu. Mkono ulichoka, ni umri tu. Lakini nawaambia, mdogo wangu huyu alinifungia raketi vizuri sana. Hata Watanzania walimshangaa. Mpigieni makofi."

Mkasimama, mkapiga. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimevaa suti ya Johannesburg, na kipaza sauti kilikuwa karibu nami, mkono mmoja tu. Nikainamisha kichwa, na mkadhani ni unyenyekevu.

Mliniuliza nimejifunza nini safarini. Nimejifunza kwamba mahali pa chini nyuzi hulegezwa kilo mbili hadi tatu, na kwamba mchezaji akiandika namba, fundi afunge namba hiyo. Hayo ni ya ufundi, na diploma yangu ingeweza kunifundisha. Jingine nililijua tangu tukiwa watoto, nikalisahau nilipopata muhuri mwekundu: Wanjala atanificha aibu yangu hata ikimgharimu mkono. Mwaka ule baba alipokufa, Wanjala alisema haitaki shule, mimi ndiye ninayeipenda, na nikaamini.

Nimeomba ukurasa huu usomwe kanisani Jumapili kabla ya matangazo. Wanjala atakasirika. Ataniambia nimejidhalilisha bure. Safari hii sitamwacha azungumze wa mwisho. Nitasimama mbele yenu, na msinipigie makofi.