Anasuka kwa Mdomo

Saa mbili kasorobo asubuhi, inzi anatua kwenye mkono wa kushoto wa mwanamke aitwaye Mashine. Anasimama kwenye kifundo, anasugua miguu yake, kisha anapanda taratibu kuelekea kwenye kiwiko. Mashine anamtazama tu.

"Wifi," anasema. "Inzi."

Wifi yake, mke wa kaka yake, anaacha kichwa cha mteja, anapunga kitana hewani, na inzi anaondoka. Anarudi kusuka.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja: kiti cha mteja, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa pembeni, na mafungu ya nywele bandia yanayoning'inia kwenye misumari. Mashine ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni. Mikono yake imelazwa mapajani, viganja juu, jinsi wifi yake alivyoipanga asubuhi.

"Huo mstari umepinda. Anzia nyuma ya sikio."

Maneno yanatoka mazito, yakiburuzana. Mteja, ambaye ni mgeni hapa, anamwangalia kupitia kioo.

"Jamani, asubuhi yote hii keshalewa?"

"Hajalewa, anaumwa," wifi anamjibu, huku akifumua mstari. "Na ukitoka hapa umependeza, ujue ni yeye. Mimi ni mikono tu. Inamisha kichwa."

Jina la Mashine alipewa na wateja. Alianza kusuka akiwa na miaka kumi na sita, na leo ana arobaini na moja. Kichwa cha rasta nyembamba ambacho wasusi wawili hukisuka siku nzima, yeye peke yake alikimaliza kabla ya saa nane mchana, tena akipiga soga na benchi zima.

Miaka miwili na nusu iliyopita, kitana kilianza kumponyoka.

"Nilidhani ni mafuta ya nywele," anasema. "Nikawa nafuta mikono kila dakika. Wateja wakanicheka, nami nikacheka."

Kisha ufunguo ukakataa kuzunguka kwenye kufuli. Vifungo vya blauzi vikamshinda. Nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikabonyea, kama mtu kaichota kwa kijiko. Akilala, aliona misuli ya mkono ikichezacheza yenyewe chini ya ngozi, bila yeye kuiamuru.

Zahanati ya kwanza ilisema ni baridi yabisi. Ya pili ilimpa sindano za vitamini. Ya tatu ikamvisha kola ya shingo, akaivaa miezi mitatu. Ilipita miezi kumi na minne kabla hajafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aliyemchoma vijisindano vya kupima umeme wa misuli, kisha akafunga mlango wa chumba chake.

"Alipofunga mlango, nilijua," anasema Mashine.

Daktari huyo, kwa ruhusa ya mgonjwa wake, anaeleza ugonjwa kwa kalamu na kipande cha karatasi. Mwili, anasema, una mishipa ya fahamu ya aina mbili kubwa. Mingine hubeba amri kutoka kwenye ubongo, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye misuli: shika, inua, meza. Mingine hurudisha habari: moto, baridi, maumivu, kuguswa.

"Kwake yeye zinakufa zile seli za kubeba amri," anasema. "Msuli usiopata amri hudhoofika, ukanyauka. Lakini habari zote zinafika. Ukimgusa anajua. Akili yake ni nzima kabisa."

Dawa ya kuponya haipo. Iliyopo huongeza miezi michache tu, na hospitali ya daktari huyo haina. Wagonjwa wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili ya kwanza. Mashine yuko kwenye wa tatu. Alikuwa na kilo sabini na moja. Sasa ana hamsini na mbili.

Hiyo akili nzima ndiyo inayomtesa.

"Naona mstari unapinda," anasema. "Najua kidole kipi kivute wapi. Naagiza. Hakiendi. Bora ningechanganyikiwa nisijue kitu."

Mchana, wifi anamlisha uji mzito kwa kijiko kidogo. Kijiko cha nne kinampalia. Anakohoa hadi machozi yanamtoka, na wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wanainuka, wanasema watarudi kesho. Hawatarudi. Zamani benchi hilo lilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Wiki hii nzima wamesuka vichwa vitatu.

"Pole, dada," mmoja anasema akitoka.

"Pole zimenijaa mpaka hapa," Mashine ananong'ona, lakini mwanamke ameshavuka mlango.

Wifi huyu naye ana kisa chake. Kwa miaka minne hawakusemeshana. Alikuwa amefungua saluni mtaa wa pili, akachukua baadhi ya wateja, na Mashine akamtolea uvivu mbele ya ukoo mzima.

"Nilimwambia vidole vyake ni vya kulimia, si vya kusukia," Mashine anakiri.

"Na kweli ni vizito," anasema wifi. Anacheka kidogo, kisha anaacha. "Siku moja akanipigia simu. Jirani ndiye kamshikia sikioni. Akaniambia, 'Wifi, siwezi kujitawaza.' Basi. Nikafunga kwangu, nikaja."

Lakini si vidole tena vinavyomnyima Mashine usingizi. Ni ulimi.

Ana binti mmoja wa miaka kumi na saba, yuko shule ya bweni. Likizo iliyopita alimwacha mama yake akitembea, akishika kikombe kwa mikono miwili. Aliambiwa ni uchovu wa kazi, utaisha. Shule inafunga Ijumaa ijayo. Daktari amesema huenda ikifika likizo nyingine, sauti haitakuwepo.

Kaka yake amejitolea kumweleza binti. Wifi amejitolea kuandika barua. Mashine amekataa yote mawili.

"Nilimzaa kwa mwili huu," anasema. "Habari za mwili huu azisikie kutoka kwangu."

Kwa hiyo kila jioni, wakishafagia nywele na kuegesha mlango, wanafanya mazoezi. Mwanzo alitaka kusema kama daktari, lakini "mishipa ya fahamu" inamshinda, ulimi unakwama katikati. Wamepunguza maneno siku hadi siku. Yamebaki mawili.

Wifi anavuta benchi, anakaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Mwanangu, sitapona," anasema Mashine.

Wifi anamfuta mate kidevuni kwa kitambaa.

"La kwanza limesikika vizuri," anasema. "La pili limezama. Tena."

Mashine anavuta pumzi, anafungua mdomo.