Joto la Ng'ombe

Kila nikipita karibu na ng'ombe aliyelowa mvua, harufu ya manyoya yake yanayofuka mvuke hunirudisha kwenye darasa letu kule Oldeani.

Siku hiyo mwalimu wetu, mgeni kutoka pwani, alikuwa anatufundisha nishati. Alisugua viganja mpaka vikapata moto. "Mmeona? Mwendo umegeuka joto. Haya, usiku nyumbani joto mnalipata wapi?"

"Kuni!" "Mkaa!"

Nikanyoosha kidole. "Ng'ombe, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, hata wale ambao kwao ng'ombe walilala ndani kama kwetu. Mwalimu hakucheka. "Sahihi kabisa. Amekula majani, na majani yamegeuka joto." Lakini uso ulikuwa umeshaniwaka.

Sweta langu la shule mama alizoea kulitundika usiku kwenye boriti, juu ya ng'ombe, ili likauke. Jioni ile nililitoa, nikalianika nje kwenye ukungu.

Asubuhi nililikuta limerudishwa pale pale, kavu, lina joto, linanuka. Mama alinivalisha mwenyewe, akafunga vifungo kimoja kimoja, akasema tu, "Huko shuleni kwenu kuna baridi."