Marahaba ya Kabula

Nani kasema natunga? Anayebisha aje Buhongwa amwone mdogo wangu Kabula, kisha aniambie uongo uko wapi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara zimeachwa huria, na wenye pesa wa Mwanza wakaanza kupata kila kitu, hata ujana. Kulikuwa na mama mmoja tajiri, mwenye saluni Mirongo. Nilipokuwa mtoto yeye tayari alikuwa na wajukuu. Ghafla tukamwona ana shingo laini, meno yote, kiuno cha msichana. Watu wakasema ni sindano na mafuta ya Ulaya. Sisi mafuta yetu yalikuwa ya kukaangia mapanki, ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda minofu ikishasafirishwa.

Alasiri moja, jua linawaka, gari lake likasimama mbele ya karai letu. Akashuka, akamtazama Kabula. Kabula alikuwa na miaka ishirini, posa imeshapokelewa, ng'ombe wamekubaliwa. Basi yule mama, na hariri zake, akapiga goti kwenye magamba ya samaki.

"Shikamoo, mama."

Kabula akacheka. Nani kati yetu aliwahi kupigiwa goti na tajiri? Akajibu kwa mbwembwe, "Marahaba, mwanangu!"

Niamini, nilikuwa natazama. Mikono ya Kabula ilikunjamana palepale, nywele zikawa nyeupe, mwiko ukamdondoka. Mwenzake akainuka mbichi kuliko alivyoshuka, akapanda gari. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa sindano yake!

Hospitali walituambia uzee si ugonjwa. Tukaenda saluni. Kabula akapiga goti kwa shida, akaamkia, akarudia, akarudia tena. Yule shetani alimtazama tu kwenye kioo, huku anapakwa rangi ya kucha. Salamu ya maskini nani anaiitikia? Nilimtukana mpaka mlinzi akatusukuma nje. Hasira ile ninayo hadi leo, na sitaki inipoe.

Mchumba naye alikuja. "Shikamoo, bibi. Kabula yupo?" Kabula akainamisha kichwa. Kijana akaenda zake. Ng'ombe wale walikwenda kwa watu wengine.

Dawa tunaijua. Uani watoto wa jirani wamejaa. Akimwamkia mmoja, mtoto atacheka na kuitikia. Nimemsihi mpaka nimechoka.

"Na huyo mtoto, dada, atampa nani?" ananiuliza.

Kwa hiyo nyinyi vijana, mtu mzima akikupigia goti, funga mdomo, hata akija na gari. Na msidhani nawaonya kwa wema. Kabula ana roho yake, mimi nina yangu. Magoti yameshaanza kuniuma asubuhi. Mkiniona nakuja kuwaamkia, kimbieni.