Koti la Baba na Neno Kejeli

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisifia gauni, naangalia kwanza kama limechanika mgongoni. Kwa hiyo niliporudi Mkunya kukaa na baba, baada ya ndoa yangu ya Masasi kuvunjika, nilijua nitasemwa, na masikio nilikuwa nimeyatega tayari.

Wa kwanza kunisema alikuwa jirani yetu, mama mjane ambaye ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, foleni ndefu, kila mtu na makopa yake ya muhogo. Alinitazama juu mpaka chini.

"Mtani! Masasi wamekufyonza kama bibo la mkorosho, sisi wametuletea makapi!"

Foleni nzima ilicheka. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na mwalimu akikasirika hutoa somo. Nikamwambia mbele ya wote, "Utani ni kumcheka mtu ili naye acheke. Ukimcheka ili ajione takataka, hiyo ni kejeli. Wewe umenikejeli."

Hakuna aliyecheka tena. Kwetu mtani hashtakiwi kwa maneno yake. Anayemshtaki amekata utani wenyewe. Hilo nililijua, na bado nilimshtaki.

Toka siku hiyo nikimwamkia shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mwalimu. Habari za nyumbani?" Basi, na njia ananipisha. Nikashuku kwamba adabu hiyo ndiyo kejeli mpya. Nikipita karibu na ua wake nilipunguza mwendo, nisikie kama ananicheka na wanawe. Sikusikia kitu, na hilo likanitia shaka zaidi.

Baba alisikitika. Yeye alikuwa na tabia yangu, au mimi yake. Korosho zikianza kudondoka, kila asubuhi alivaa koti lake, akazunguka chini ya mikorosho akikohoa na kutafuta nyayo za wezi. Yule mama alimwiga miaka yote, na baba alicheka mpaka akakaa chini. "Nikifa," aliniambia, "asipovaa koti langu akaniiga, mtakuwa mmenizika kama mpita njia."

Akafa msimu huohuo. Ndugu walikuja mpaka kutoka Makote. Jirani naye alikuja, kanga safi, akasema, "Pole sana, mwalimu," akakaa mkekani, akanyamaza. Koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari mlangoni. Wanaume walishaanza kujipanga kulibeba jeneza. Nilimtazama yule mama nikaona hata kimya chake ni cha kunikomoa. Kisha nikaingiwa na hofu. Baba alikuwa anatoka nyumbani kwake bila kuchekwa hata kidogo, kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikalitungua koti, nikapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mtani, livae."

"Ulisema ni kejeli, mwalimu. Siwezi kumkejeli marehemu."

Nilitafuta usoni mwake dalili ya kufurahia. Sikuiona. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa amelia sana, huko kwake, peke yake. Niliona aibu. Utani niliukata mimi, kwa hiyo kuuanza tena ilikuwa kazi yangu.

"Uchoyo gani huu?" nikasema kwa sauti. "Hata machozi umeyamalizia kwako, sisi hutuletei hata tone!"

Wanawake walishtuka. Yeye midomo ilimcheza, akanipokonya koti.

Aliinuka akiwa baba. Mgongo uleule, kikohozi kilekile. Akalizunguka jeneza akitafuta nyayo, akawakagua waombolezaji viganja mmoja mmoja. Wanaume mlangoni walicheka mpaka wakashikana mabega. Alipofika kwangu alisimama, akanikazia macho.

"Na wewe," alisema kwa sauti ya baba, "mbona unaniangalia hivyo? Unanishuku mpaka mimi?"

"Hapana, baba," nikajibu, na hapo ndipo nilipolia.