Mgawa Zamu wa Masafa ya Visiwani

Wifi yangu Edelmira Barría, dada wa marehemu mume wangu, alianza kugawa zamu za redio ya upepo visiwani kwetu kabla mimi sijaolewa. Masafa tuliyoruhusiwa yalikuwa mamoja tu. Mengine yalikuwa ya jeshi la maji na ya wafugaji wa samaki. Kwa hiyo nyumba zote zenye antena, na boti zote, zilizungumzia mahali pamoja, na mmoja akisema wengine hunyamaza. Asubuhi Edelmira aliita wagonjwa kwanza, kisha boti, kisha wenye salamu. Wachumba walikuja mwisho, na visiwa vizima viliacha kumenya viazi ili kuwasikiliza.

Asubuhi moja ya baridi, Mama Rosenda Chiguay, aliyekuja kwetu kusokota sufu, alibanwa na kifua hadi midomo ikabadilika rangi. Boti ya zahanati ilikuwa ng'ambo ya mkondo, imefungwa mbele ya nyumba ya Mzee Ladislao, na maji yalikuwa yanakupwa. Yakishakauka, haingeweza kufika kwetu mpaka jioni. Edelmira akawasha redio. Masafa yalikuwa yameshikwa: kuni zinapasuliwa, bata analia, kisha sauti ya mwanamume inamwambia mkewe:

"Hao kina Barría wanadhani hewa ni shamba la baba yao! Wao hata wakipiga chafya wanapewa zamu!"

Si kweli. Sisi tulikuwa tunasema baada ya watu wote. Sauti niliijua: ni Nolberto wa kisiwa cha kusini, mtoto wa huyohuyo Rosenda. Kitu kilikuwa kimelalia kitufe chake, na kitufe kikibanwa, mwenyewe hasikii mtu.

"Kikapu," Mama Rosenda akahema. "Mjinga yule... anaweka kikapu cha sufu juu ya redio."

"Zima, wifi!" nikasema. "Jina letu linasikika kila jiko!"

"Nikizima, yeye atanyamaza? Niache nifikiri."

Akabonyeza kitufe, akasema polepole: "Mzee Ladislao, ni Edelmira. Mwambie nahodha wa zahanati aje kwetu sasa hivi, tuna mgonjwa hapumui. Ukinisikia, fukiza moshi; redio yako ni ndogo, jibu lako halitanifikia." Akarudia, akarudia tena.

"Unasema na nani wakati njia imezibwa?"

"Nolberto yuko mbali. Mimi na Ladislao tunatazamana. Masikioni mwake mimi ndiye mwenye nguvu."

Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba masafa yaliyojaa huku yanaweza kuwa na nafasi pale. Nikaenda dirishani, nikafuta ukungu kwenye kioo. Ng'ambo hakukuwa na kitu. Nyuma yangu, redioni, Nolberto alikuwa amefika kumsema babu yetu, na mama yake alikuwa anakoroma kama kiriba kilichotoboka. Kisha moshi mweupe wa matawi mabichi ukapanda kutoka uani kwa Ladislao.

Boti ilikuja ikikwaruza kokoto. Tulimbeba Mama Rosenda mpaka ndani yake, ikaondoka na maji ya mwisho.

Tuliporudi jikoni, redio ilikuwa kimya. Nolberto alikuwa ameinua kikapu.

"Nolberto," Edelmira akaita, "mama yako yuko kwenye boti, anapelekwa hospitali mjini Castro. Kamngoje gatini huko."

"Nimesikia, dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Na yale mengine..."

"Mwambie!" nikamsukuma bega. "Mwambie kina Barría ni watu gani!"

Lakini boti mbili zilikuwa zinasubiri zamu, na Edelmira alikuwa ameshaita ya kwanza.